NGOMA SI BURUDANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya makatibu wa matawi, akina mama na vijana. Tumeipiga chapa karibu kama ilivyosemwa.



Tumeombwa tuseme juu ya neno moja tu, nalo ni ngoma. Tunajua kwamba habari hiyo ilipotangazwa wako waliocheka. Walisema: hawa wametoka chuo cha ualimu, badala ya kutueleza habari za kadi na ada wanakuja kutusomesha msamiati kama watoto wa darasa la tatu. Na wacheke. Lakini kabla ya kucheka zaidi, kila mmoja na aitazame karatasi ya ratiba aliyopewa mlangoni. Saa tatu, kufungua mkutano. Saa tatu na nusu, risala. Saa nne, burudani. Saa nne na robo, nasaha za mgeni wa heshima. Basi hiyo burudani ya robo saa ni akina mama wale mliowapita nje chini ya mwembe. Wamefika kwa lori tangu alfajiri. Kiti hawana, ratiba hawakupewa, wala jina la kikundi chao halikuandikwa mahali popote. Wameandikwa "burudani", kama vile mtu angeandika "soda".

Swali letu la leo ni hili: nani aliyewafundisha makatibu wetu kuandika burudani mahali pa ngoma? Na je, maneno hayo mawili ni mamoja?

Si mamoja. Burudani ni ndugu yake baridi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kupoa. Mtu aliyechomwa na jua la shambani akiketi kivulini na dafu lake, huyo ameburudika. Ni neno zuri, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini ngoma haianzi kwa ubaridi. Kila aliyewahi kuiona ngoma ya ngozi ikitayarishwa anajua kwamba kwanza huwashwa moto, moto wa makuti au wa nyasi kavu, na ngoma zikaelekezwa kwenye moto huo mpaka ngozi ikauke, ikaze, iitike. Ngozi yenye unyevu hutoa sauti ya kufa, kama mtu apigaye godoro. Umande ukishuka usiku sauti hulegea tena, na wapigaji huirudisha motoni. Ndiyo maana penye ngoma ya kukesha hapakosi moto, na penye moto hapakosi wazee wanaoota na kuzungumza mambo ya mji. Vijana siku hizi husema jambo lisiloiva kwamba "ngoma bado mbichi". Mwenye kuijua ngozi anaelewa mara moja.

Sasa tuje kwenye asili ya neno lenyewe. Hili halikuletwa na jahazi. Kiswahili kimepokea maneno mengi kutoka nje, na hakikupungukiwa kwa kupokea: hafla na taarabu tumepata kwa Waarabu, dansi na pati kwa Waingereza. Ngoma ni letu tangu kale, na si letu sisi wa pwani peke yetu. Waganda husema eng'oma. Wanyarwanda na Warundi husema ingoma. Washona na Wakongo husema ngoma kama sisi. Kwa Wazulu ingoma ni wimbo na mchezo, na yule mganga wao aitwaye isangoma jina lake lina ngoma ndani yake. Watu waliokamatwa upande wa Kongo na Angola wakauzwa utumwani ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki waliondoka mikono mitupu, lakini neno hili walikwenda nalo, na huko Brazil na Cuba ziko ngoma ambazo mpaka leo huitwa kwa jina hilo au kwa jina lililo jirani nalo sana. Wataalamu wa lugha wanasema neno hili lilikuwamo katika lugha mama ya Wabantu, kabla hawajatawanyika. Kwa hiyo ni neno la miaka elfu kadhaa, na umri huo unastahili heshima kuliko robo saa.

Wako wanaopenda kusema kwamba ngoma limetoka katika kugoma, kwa kuwa wafanyakazi wakigoma hukusanyika na kuimba. Maneno hayo yanachekesha barazani, lakini tusiyapeleke darasani. Kufanana kwa sauti si udugu. Paka na kupaka rangi si ukoo mmoja.

Jambo la kutazamwa zaidi ni namna neno hili lilivyopanuka maana. Kwanza ngoma ni chombo: mti uliochimbwa na ngozi iliyowambwa. Kuna chapuo, kuna vumi, kuna msondo ule mrefu, na kila kimoja kina kazi yake. Pili, ngoma ni mchezo unaochezwa kwa chombo hicho. Twasema sindimba ni ngoma ya Wamakonde, lizombe ni ngoma ya Wangoni, mdundiko ni ngoma ya Wazaramo, na lelemama ni ngoma ya akina mama wa pwani, ijapokuwa lelemama huweza kuendelea kwa vidogo vya kugonganisha mkononi kuliko kwa ngoma kubwa. Tatu, na hapa ndipo tunapotaka mtege masikio, ngoma ni mkutano wenyewe. Mtu akikwambia "leo kuna ngoma kwa fulani" hakwambii kwamba kwa fulani kuna mti na ngozi. Anakwambia watu watakusanyika. Akisema "nakwenda ngomani" ametaja mahali, na mahali hapo hapana ukuta wala paa. Ni watu tu. Ngoma ya unyago ni shule, kwa maana mwali hufundwa hapo na kungwi. Ngoma ya pepo ni hospitali, kwa imani ya wenye nayo, kwani mgonjwa huwekwa katikati na jamaa wakamzunguka. Ngoma ya mavuno ni hesabu ya mwaka. Basi mtu akituuliza ngoma maana yake nini, jibu letu fupi ni kwamba ni watu waliokutana kwa jambo, na jambo hilo likasikika mbali.

Katika nchi za Maziwa Makuu walikwenda mbele zaidi. Katika Kinyarwanda na Kirundi neno lile lile ingoma ni ngoma na tena ni utawala: enzi ya mfalme fulani ni ingoma yake. Rwanda ilikuwa na ngoma ya enzi iitwayo Karinga, Burundi Karyenda, Buganda zile ziitwazo Mujaguzo, ambazo jina lake lenyewe ni la shangwe. Na huku kwetu Unguja, Mwinyi Mkuu wa Dunga alikuwa na ngoma zake na siwa zake, na bila vitu hivyo enzi yake haikuwa na sauti. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 iliweka picha ya ngoma katikati ya bendera yake. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1966, ngoma nayo iliondolewa katika bendera.

Tunawapa mfano wa Burundi kwa sababu unatufaa hata leo. Mwaka 2014 ngoma ya kifalme ya Burundi iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Watu walifurahi. Haikupita miaka mitatu, mwaka 2017, Serikali ya huko ikatoa amri kwamba wanawake wasizipige ngoma hizo, na kwamba kikundi chochote kisipige nje ya sherehe za Serikali bila ruhusa. Sisi hatukutumwa kuwafundisha majirani zetu. Lakini wazee walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mtu mwenye akili huangalia sana ngozi inavutwa upande gani.

Usukumani kuna jambo tulilopenda kuliko yote. Huko wachezaji wamegawanyika tangu karne ya kumi na tisa katika pande mbili, Bagika na Bagalu. Wakati wa mashindano baada ya mavuno, na hasa katika sikukuu ya Bulabo inayofanywa Bujora karibu na Mwanza, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji wenyewe huhama. Yule aliyevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Kwa hiyo mchezaji hubuni kila mwaka jambo jipya: huyu aja na fisi, yule aja na chatu, mwingine na sanamu ya mbao itikisayo kichwa, na inasemwa kwamba wengine hutafuta dawa za kuvutia watu, maana kushindwa mbele ya uwanja unaohama ni aibu isiyofichika. Tazameni basi. Huko ngoma hupimwa kwa idadi ya watu waliosogea kwa hiari yao. Ingefaa sana kama mikutano yetu nasi ingepimwa hivyo, badala ya kupimwa kwa idadi ya malori yaliyokodiwa. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Turudi pwani. Kila mtoto aliyesoma Kiswahili amesikia habari za Fumo Liyongo. Utenzi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, lakini kisa chenyewe ni cha zamani zaidi. Liyongo alifungwa gerezani na Sultani wa Pate, naye akajua atauawa. Kila siku mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aliyeitwa Saada, na kila siku askari walikula kilicho kizuri wakamwachia makombo. Ndipo Liyongo akamtuma Saada amwambie mama yake aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Askari walipouona mkate wa wishwa waliudharau, wakampa mfungwa wote. Sasa tupa anayo, lakini tupa juu ya chuma hulia. Afanyeje? Alipoulizwa haja yake ya mwisho akataka achezewe gungu, ngoma kubwa ya siku zile, yenye matoazi na pembe. Watu wa mji walikusanyika, ngoma ikapigwa, na Liyongo ndani akawa anakata minyororo yake kwa tupa, sauti ya chuma ikamezwa na sauti ya ngoma. Hata ilipokoma, alikuwa mtu huru.

Sultani alidhani ametoa burudani.

Hatusemi kwamba kila mcheza gungu usiku ule alijua lililokuwa likitendeka ndani. Huenda wengi hawakujua. Lakini watawala wote waliokuja baadaye ni kama waliosoma utenzi ule, maana hakuna aliyeiacha ngoma ipite bila kuiandikia sheria. Wamisionari wengi waliwakataza Wakristo wao kukanyaga ngomani, wakaita mambo yote hayo ushenzi, ijapokuwa wako waliofikiri vingine. Askofu Vincent Lucas wa Masasi hakuifuta jando, aliiingiza ndani ya Kanisa, na akalaumiwa na wenzake. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka mtu wa mjini awe na kibali kabla ya kupiga ngoma. Kule Kenya, mwaka 1929, ulipozuka ugomvi kati ya Wakikuyu na misheni juu ya tohara ya wasichana, vijana walitoa ngoma ya muthirigu yenye nyimbo za kuwasuta wamisionari na machifu, na Serikali ikaipiga marufuku mwaka 1930. Hakuna anayepiga marufuku kitu kisicho na nguvu.

Na sasa beni. Wazee mliopo hapa mlisimuliwa habari za beni na wazee wenu. Neno lenyewe ni la Kiingereza, ni bendi. Ngoma hii ilianza pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, Lamu na Mombasa, kisha ikateremka Tanga na Dar es Salaam. Wachezaji walivaa mavazi ya kizungu, wakatembea kwa miguu ya kijeshi, wakapeana vyeo: huyu Kingi, yule Jenerali, yule Gavana. Vita ya 1914 mpaka 1918 ilipokusanya askari na wapagazi kutoka kila upande, beni ilisambaa nao. Ikafika Nyasaland, ikafika Rhodesia ya Kaskazini, ikafika Kongo ya Wabelgiji. Katika miji ya Tanganyika palikuwa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti, na palipokuwa na upande mmoja hapakukosa upande wa pili wa kushindana nao.

Wazungu waliotazama walicheka wakisema Mwafrika anaiga. Wengine hawakucheka, baada ya vita maofisa wa Kiingereza walifanya uchunguzi, wakahofu kwamba jambo hili lililoenea nchi nzima na lenye wakubwa wake na barua zake huenda lina siasa ndani. Hao wa pili walitazama vizuri zaidi. Maana chini ya makoti na filimbi palikuwa na kitu kigumu. Mtu wa Marini akisafiri kutoka Tanga kwenda Tabora hakulala njiani. Aliwatafuta Marini wa Tabora, wakampokea. Akiugua walimwangalia, akifa walimzika. Walichanga fedha, walikuwa na makatibu, waliweka adabu na faini. Na watu hao waliitaje jumuiya yao? Waliita chama. Vyama vya ngoma vilikuwapo miji ya pwani kabla ya chama chochote cha siasa. Akina mama wa lelemama nao walikuwa na vyama vyao, na vyeo vyao, na sare zao za kanga. Kwa hiyo ndugu katibu unayeandika "chama" katika barua yako kwa herufi kubwa, ujue kwamba neno hilo liliwahi kuchezewa ngoma miaka mingi kabla ya kupigwa mhuri.

Ushahidi mkubwa ni wa mwaka 1955. TANU ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja nyuma, tarehe 7 Julai 1954. Mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam, akaonyeshwa viongozi, akauliza: akina mama wa chama hiki wako wapi? Lilikuwa swali la haki, na jibu halikuwa la kujivunia. Aliyetafutwa kuongoza sehemu ya wanawake hakuwa msomi wa sekondari wala mke wa mkubwa. Alikuwa Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana mjini kwa sauti yake, kwani alikuwa mwimbishaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Naye alifanya nini? Hakubandika matangazo. Aliwaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, wale wale aliokuwa akishindana nao, akawaeleza, nao wakawaeleza watu wao. Katika muda mfupi akina mama walioingia chamani walihesabiwa kwa maelfu. Wengi hawakujua kusoma, lakini walijua kuchanga, kutunza siri, kutembea nyumba kwa nyumba na kukusanya watu kwa saa iliyotajwa. Mambo hayo yote walikuwa wamejifunza ngomani. Bibi Titi alifariki mwaka 2000, na leo jina lake liko katika barabara kubwa ya Dar es Salaam. Jina la Bomba haliko popote, na sisi tunaona ni deni.

Mwalimu Nyerere alilijua jambo hili. Siku ya pili ya Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge, alitangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alilalamika kwamba tuliosoma tulifundishwa kucheza rumba na twisti na michezo ya kizungu, na kwamba wengi wetu hatuijui hata kwa macho gombe sugu wala kiduo. Wizara iliundwa, vikundi vya taifa vikaundwa. Kazi nzuri ilifanywa, lakini hapo ndipo pia ngoma ilipoanza kukatwakatwa. Ngoma ya kukesha ikafanywa ya dakika tano. Sindimba ikaondolewa penye mwali na kungwi, ikapandishwa jukwaani mbele ya wageni wa Serikali, kisha watu wakaanza kubishana kama viuno vile vina adabu. Bila shaka vitaonekana havina adabu, kama umekata somo ukaacha kiuno! Mtazamaji akawekwa upande mmoja kwenye viti, mchezaji upande mwingine kwenye vumbi, na kamba katikati. Tangu hapo, ndugu zangu, neno burudani lilipata mlango.

Hata hivyo watu hawakuliacha neno lao. Wanamuziki wa dansi wenye magitaa na matarumbeta ndio waliotushangaza. Bendi ya wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilibadilisha jina kila jumuiya ya wafanyakazi ilipobadilisha jina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na mwisho ilipobaki peke yake ikajiita Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukua mtindo wake Sikinde kutoka katika ngoma ya Wazaramo. Na vijana wa leo wa bongo fleva, ambao wengine hawajawahi kuishika ngozi maishani, mmoja wao akirekodi wimbo kwa mashine husema ametoa ngoma mpya. Timu mbili zikitoka sare, husemwa ngoma droo. Kuna hata matumizi ya kusikitisha: mwenye virusi vya UKIMWI husemwa mitaani kwamba ana ngoma. Hilo hatulipendi, kwani linamtangaza mgonjwa mbele za watu kama vile ugonjwa wake ni jambo la kupigiwa makofi. Lakini yote yanaonyesha jambo moja, kwamba Mswahili akitafuta neno la kitu kizito kinachosikika na watu wengi, mkono wake huenda kwenye neno hili.

Sasa tuseme tunachokitaka, maana hatukuja kutoa somo tu.

Tunataka kwanza kikundi cha ngoma kikialikwa kialikwe kwa barua yenye jina lake, na jina la manju wake. Mwandishi wa risala anatajwa jina. Mtunzi wa wimbo uliokusanya watu elfu mbili asitajwe kwa nini? Pili, viongozi wa vikundi hivi waketi ndani wakati wa mazungumzo na wawe na haki ya kusema. Wao huingia katika arusi, misiba na unyago wa kila kata. Wanajua bei ya unga na nani amefukuzwa shambani kwake kabla ya katibu yeyote. Mtu anayetaka habari za kata akamwacha nje mtu huyo amejiziba masikio mwenyewe. Tatu, wasingojeshwe juani kwa ajili ya mgeni aliyechelewa. Tumeona kwa macho yetu mama mjamzito akiimba saa nne mfululizo, kisha akapewa fulana. Kama mgeni amechelewa, basi achelewe peke yake.

Na kwa walimu wenzetu tuna neno. Shule moja tuliyofanyia mazoezi ya kufundisha, nayo hatutaitaja, ina ngoma mbili. Zimefungiwa stoo pamoja na majembe. Hutolewa siku ya mahafali tu, na panya walikwisha kuila ngozi ya moja. Tuliomba zitumike katika somo la Kiswahili, tukajibiwa kwamba watoto watachangamka mno. Watoto kuchangamka darasani! Tulidhani ndiyo kazi tuliyosomea.

Limebaki swali moja ambalo mzee mmoja alituuliza mlangoni, nalo si dogo: mbona ngoma za siku hizi ni kelele tu? Anasema spika zinapigwa mtaani mpaka alfajiri, kuna wagonjwa, kuna watoto wa mtihani, na ukisema unaambiwa huipendi mila. Mzee ana haki. Spika haichoki wala haihitaji kurudishwa motoni, ndiyo maana haijui kunyamaza. Wapigaji wa ngozi walipumzika, na katika mapumziko hayo jirani alilala kidogo au alikuja kuzungumza. Tena zamani mwenye ngoma alipita nyumba kwa nyumba akaomba radhi kabla, na penye msiba ngoma iliahirishwa bila polisi kuitwa. Sisi hatuoni sababu ya desturi hiyo kufa kwa kuwa umeme umefika. Kikundi kinachotaka kukesha katika kata zetu na kiende kwanza kwa majirani, kikubaliane nao saa ya kuanza na ya kumaliza, ndipo kiende ofisini kwa kibali. Ofisini pasitangulie, maana aliyepo ofisini saa nane ya usiku amelala kwake, mbali na ngoma.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo, Ndugu Mwenyekiti. Tunaomba maswali yaanze kwa akina mama.